Betri inasema asilimia 82, dakika ya sita seva zote chini. Nani mwongo hapa?

#1 KeboFupi
Wakuu, salaam. Nisaidieni, kichwa kinauma.

Usiku wa kuamkia juzi umeme ulikatika saa 7:56. Nina seva nne kwenye UPS (kifaa cha betri ya akiba) moja ya VA 1500, ile aina inayokaa kwenye umeme wa ukutani na kurukia betri umeme ukipotea. Mbili zinaendesha programu, moja ni ya hifadhidata, ya nne inatunza nakala za akiba. Dakika ya pili simu ikaleta barua pepe kutoka kwenye mfumo: betri asilimia 82, muda uliobaki dakika 24. Nikajigeuza upande wa pili nikaendelea kulala.

Saa 8:02 kila kitu kikakata. Umeme ukarudi saa 8:07. Asubuhi nakuta tatu zimejiwasha zenyewe, ile ya hifadhidata imelala kimya mpaka nilipoibonyeza kwa kidole. Ilipoamka, jedwali moja lilikuwa limeharibika na oda chache za mwisho hazimo kabisa.

Sasa nauliza: dakika 24 zimekwenda wapi? Kwa nini hii moja haikuamka na wenzake? Na ninyi mnajiandaaje?

#2 Sina_Jenereta
Pole. Betri ina miaka mingapi?

#3 KeboFupi
Minne na ushee. Lakini UPS inajipima yenyewe kila baada ya wiki mbili na haijawahi kulalamika.

#4 Mzee_wa_Reki
Umeshajibiwa hapo. Kule kujipima ni sekunde chache tu: inahamia betri, inaangalia volti hazijaanguka, inarudi. Ni sawa na kumwambia mtu asimame, akisimama unasema anaweza kukimbia kilomita kumi.

Betri hizi za risasi zilizofungwa hukadiriwa miaka 3 hadi 5, tena kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Joto likipanda nyuzi 10 juu ya hapo, umri unakatika karibu nusu. Na ndani ya betri moja ya volti 12 kuna seli sita zilizofungwa mfululizo. Ikichoka moja, tano zilizobaki hazina la kufanya. Volti zinaonekana nzuri, unaweka mzigo, dakika ya tano zinaporomoka kama ukuta. UPS inaona volti zimevuka mstari wa mwisho, inakata. Asilimia zilizoandikwa kwenye kioo haziulizwi.

Nimezitoa nyingi za namna hiyo, nyingine zimevimba mpaka hazitoki kwenye tundu lake. Fungua mfuniko uangalie, kisha uje hapa.

#5 Volti12
Mzee anapenda kulaumu betri. VA 1500 ni wati 1500, seva nne za kawaida haziwezi kuimaliza kwa dakika sita hata ikiwa imezeeka. Tafuta kwingine.

#6 Mwalimu_Ohm
Volti12 hapana. VA (volti mara ampea) si wati. UPS nyingi za daraja hilo zenye VA 1500 zinabeba wati 900 hivi, soma kibandiko cha nyuma. Na uwezo wa kubeba ni kitu kimoja, muda wa kubeba ni kitu kingine. Unaweza kubeba gunia, swali ni hatua ngapi.

KeboFupi, tupe namba mbili: betri za ndani ni za Ah (ampea-saa) ngapi, na kioo kinaonyesha mzigo asilimia ngapi?

#7 KeboFupi
Betri mbili za volti 12, Ah 9 kila moja. Mzigo nilipoangalia mchana ni asilimia 28. Kibandiko kinasema wati 900, umepiga palepale.

#8 Mwalimu_Ohm
Haya. Volti 12 mara 9 mara betri mbili ni wati-saa 216. Asilimia 28 ya 900 ni kama wati 250. Mtu mwenye haraka atagawanya apate dakika 50 na zaidi. Lakini ile 9 imepimwa kwa kuinyonya betri taratibu kwa saa 20. Ukiinyonya kwa nguvu haikupi zote, na inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) nayo inakula sehemu yake. Betri mpya kwa wati 250 tarajia kama nusu saa. Kwa hiyo dakika 24 kwa mzigo wa mchana si uongo wa ajabu.

Ila mzigo ukienda mara mbili, muda haushuki kwa nusu, unashuka zaidi ya nusu. Kwa wati 500 betri mpya ingekupa dakika kumi hivi. Zako zina miaka minne.

Halafu tazama hii: asilimia 18 zimeondoka ndani ya dakika mbili. Kwa hesabu ya dukani hiyo ni dakika 11 jumla. UPS yako yenyewe ilikuwa inajipinga kwenye barua pepe ileile.

#9 Mzee_wa_Reki
#8 nakubali yote isipokuwa mstari wa mwisho. Betri ya risasi ikianza tu kunyonywa, volti hudidimia ghafla, kisha hupanda kidogo na kutulia. UPS za bei nafuu zinasoma asilimia kwa volti, kwa hiyo dakika za mwanzo huonekana kama imeanguka. Asilimia 82 ya dakika ya pili usiifanyie hesabu.

#10 Mwalimu_Ohm
Kweli, hapo umenikamata. Basi hiyo 82 haifai kwa lolote, si kwa kunitetea mimi wala kumtetea yeye.

#11 binti_terminali
Samahani, hakuna aliyeuliza swali la wazi. KeboFupi, seva ya nakala inaanza kazi saa ngapi?

#12 KeboFupi
Saa nane kamili usiku. 😶

#13 binti_terminali
Basi. Umeme umekatika 7:56, barua pepe ya dakika 24 imetoka wakati mashine zote zinapiga usingizi. Saa 8:00 hifadhidata inanakiliwa, nakala zinabanwa, diski zote zinazunguka, feni zinapanda. Mzigo umeruka wakati betri iko katikati ya safari, na 8:02 umeanguka. Kwangu mimi kesi imefungwa.

Kazi ya nakala inatakiwa iulize UPS kwanza: uko kwenye umeme wa ukutani? Kama jibu ni hapana, iahirishe. Mistari mitatu ya skripti.

#14 fundi_kimya
Pia ilimkuta rafiki yangu, ila yeye ilikuwa printa ya leza iliyochomekwa kwenye UPS. Ile ikianza kupasha moto inavuta nguvu nyingi kwa mpigo. Kila akichapa, seva zinalia.

#15 Volti12
Rafiki yako au wewe?

#16 fundi_kimya
Rafiki.

#17 Kijana_wa_Logi
Mmeharakisha kufunga kesi. Mnadhani UPS iliishiwa. Mimi nauliza kama iliishiwa au iliambiwa izime.

KeboFupi, unatumia NUT (programu ya kufuatilia UPS na kuzima seva)? Ni ya nani ile barua pepe? Kama ni NUT, kuna faili la upssched (la kupanga nini kifanyike baada ya muda gani). Lina kipima muda? Cha sekunde ngapi?

#18 KeboFupi
Ni NUT. Waya wa USB umeingia seva ya programu ya kwanza, hiyo ndiyo kiongozi. Mpangilio niliunakili mahali mwaka jana, sikuusoma wote. Ngoja niangalie.

...

Sekunde 300. Baada ya hapo inaamuru mfumo wote kuzima.

#19 Volti12
Kimya kimetanda ukumbini.

#20 Kijana_wa_Logi
Basi 7:56 ongeza dakika tano ni 8:01. Kiongozi anatangaza kuzima, anawasubiri wafuasi, sekunde 15 kama hukubadilisha, kisha anajizima mwenyewe. Pumzi ya mwisho ni kuiamuru UPS ikate umeme kwenye soketi zake. Kwa UPS nyingi za USB, NUT huchelewesha sekunde 20 tu usipobadilisha. Baada ya hapo giza, hata kama betri imejaa.

Na si kosa, imetengenezwa hivyo makusudi. UPS isipokata, umeme ukirudi katikati ya kuzima, seva zilizokwisha kuzima hazitajua kwamba kuna umeme mpya, zitalala mpaka mtu aje. Inakata ili irudishe, na kurudisha ndiko kunakoziamsha.

Kwa hiyo hukuibiwa dakika 24. Uliziacha kwenye betri kwa amri yako mwenyewe.

#21 KeboFupi
Lakini hifadhidata haikuzima vizuri. Logi yake imekatika katikati ya sentensi. Seva mbili za programu ndizo zilizoaga.

#22 Kijana_wa_Logi
Hifadhidata inasikia kiongozi kupitia mtandao. Swichi yake ya mtandao imechomekwa umeme wapi?

#23 KeboFupi
Rauta na swichi kubwa ziko kwenye UPS. Ile ndogo ya nyuma ya reki (fremu ya kupangia seva), inayounganisha hifadhidata na nakala... iko ukutani.

#24 Mzee_wa_Reki
😂😂😂 Nilijua. Kila reki ina swichi moja ya yatima.

#25 Kijana_wa_Logi
Na hapo kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Mfuasi wa NUT akipoteza mawasiliano huku akijua UPS iko kwenye betri, anachukulia mabaya na kuzima mwenyewe. Hiyo ni salama. Lakini swichi yako ilikufa sekunde ileile umeme ulipokatika. Habari ya mwisho aliyoipata mfuasi ni "umeme upo, kila kitu shwari". Akaandika tu kwamba hasikii, akaendelea na kazi. Mpaka akanyongwa.

Swichi, rauta na kila kifaa kilicho kati ya seva na UPS lazima kiwe kwenye UPS. Hili halina mjadala.

#26 binti_terminali
Nzuri, lakini bado hujathibitisha kwamba ni kipima muda. Inawezekana betri ilifika mwisho 8:01 na kiongozi akazima kwa sababu ya chaji ndogo. Logi ya kiongozi inasemaje?

#27 KeboFupi
Zote mbili zipo. Kipima muda 8:01:09. Onyo la chaji ndogo 8:01:12. Mstari wa mwisho kabisa 8:01:40, unafunga huduma, basi.

#28 binti_terminali
Sekunde tatu! Kwa hiyo hata bila kipima muda chako ilikuwa inakufa.

#29 Kijana_wa_Logi
Au hata bila betri kufa kipima muda kilikuwa kimeshafyatuka. Kilitangulia.

#30 binti_terminali
Kutangulia kwa sekunde tatu si hoja. Mtu akianguka ghorofani na mwingine akampiga risasi hewani, muuaji nani?

#31 Mwalimu_Ohm
Dada umeniharibia usingizi. Ila mstari wa 8:01:40 hautusaidii, maana mwandishi wa logi naye hufungwa kabla ya hatua ya mwisho. Amri ya kukata UPS hutolewa baada ya diski kufungwa, haiandikwi popote. Hatuwezi kujua kama ilitolewa.

Logi ya hifadhidata ilikata saa ngapi? Kama kabla ya 8:02 kwa sekunde kadhaa tutajua kitu.

#32 KeboFupi
Mstari wake wa mwisho unasema 7:53.

#33 Volti12
Ilikufa kabla umeme haujakatika. Miujiza.

#34 KeboFupi
Saa yake ilikuwa nyuma. Nimeizuia kutoka nje kwenye mtandao kwa usalama, kumbe na kusawazisha saa nako kumezuiwa. Na nilipoiwasha asubuhi ilidhani ni Januari 1, 2019.

#35 Mlinzi_wa_Diski
Nimesoma uzi wote kimya, hapa lazima niingie. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma baada ya mashine kukosa umeme, betri ndogo ya saa kwenye ubao mama imekufa. Ile ya mviringo, CR2032. Na kwenye mbao nyingi mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) inarudi ya kiwandani pamoja na saa. Mojawapo ni ule unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: iwake, ibaki imezima, au irudi hali iliyokuwa nayo. Wewe uliweka iwake, sivyo? Kiwandani mara nyingi ni ibaki imezima.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Sarafu moja ya betri.

#36 fundi_kimya
Au aliiweka kwenye "hali ya mwisho".

#37 Mlinzi_wa_Diski
Hapana. Ilikatwa ikiwa imewaka, hali ya mwisho ni kuwaka, ingejiwasha. "Hali ya mwisho" inamponza yule aliyezima kistaarabu: mashine inakumbuka kwamba ilizimwa, inatii, inabaki imezima. Kwa seva zinazozimwa na UPS weka iwake daima.

Saa mbovu pia ina vituko vyake. Vyeti vya usalama vinakataliwa kwa sababu "bado havijaanza kutumika", na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji) ikiona tofauti ya zaidi ya dakika tano inagoma kukuingiza. Watu huhangaika na nenosiri saa nzima, kumbe ni kalenda.

#38 KeboFupi
Asante sana. Na jedwali lililoharibika? Hifadhidata ni MySQL, diski ni SSD mbili zimefungwa RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili.

#39 Sina_Jenereta
RAID si ingekulinda?

#40 Mlinzi_wa_Diski
RAID inakulinda diski moja ikifa. Umeme ukikatika, uchafu uleule unaandikwa kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

Jedwali lililoharibika ni la InnoDB au MyISAM (njia mbili za MySQL za kutunza majedwali)?

#41 KeboFupi
Nimeangalia. Yote InnoDB isipokuwa hilo moja. Limerithiwa kutoka programu ya zamani, ni MyISAM.

#42 Mlinzi_wa_Diski
MyISAM haina daftari la miamala. Ikikatwa inaandika, inabaki imevunjika mpaka uitengeneze kwa mkono. Lihamishie InnoDB leo.

Oda zilizopotea ni kisa kingine. Angalia innodb_flush_log_at_trx_commit. Ikiwa 1, kila muamala unasukumwa hadi diski kabla ya mteja kuambiwa "tayari". Ikiwa 2, unasukumwa kama mara moja kwa sekunde, na umeme ukikatika unaweza kupoteza sekunde hiyo.

#43 KeboFupi
Ni 2. Niliweka mimi, ilikuwa inakwenda polepole.

#44 NusuUsiku
Hata ikiwa 1, kama ni SSD za kompyuta za nyumbani usilale. Diski inasema "nimeandika" ilhali data iko kwenye keshi yake (kumbukumbu ya muda). Za seva zina kapasita ndani, umeme ukienda zinapata muda mdogo wa kumalizia kuandika. Za nyumbani nyingi hazina, au zinalinda data iliyokwisha kutua tu.

Mimi sipendi hii habari yote ya kuzima kistaarabu. Mashine ambayo lazima iagwe ndipo ifufuke salama ni mashine mbovu. Nunua diski zenye kapasita, acha fsync (amri ya kusukuma data hadi diski) ifanye kazi yake, tumia mfumo wa faili unaoandika upya mahali papya kama ZFS, kisha vuta plagi wakati wowote. Nimeishi bila UPS kwenye mashine zangu za majaribio na sijapoteza baiti.

#45 Mzee_wa_Reki
Za majaribio. Umejijibu.

#46 NusuUsiku
Nazivuta plagi kila mwezi mzee. Wewe yako umeivuta lini?

#47 Mzee_wa_Reki
...tusonge mbele.

#48 binti_terminali
NusuUsiku ana hoja ila ni nusu, kama jina lake. Data kubaki salama si sawa na huduma kurudi. GitHub (tovuti ya kutunzia msimbo wa programu), Januari 28, 2016: umeme uliyumba kwa muda mfupi kwenye kituo chao kikuu, zaidi ya robo ya seva zikajiwasha upya. Wakakaa nje saa 2 na dakika 6. Sababu mojawapo ni kwamba programu yao ilikataa kuwaka mpaka iione Redis (hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu), na Redis nayo ilikuwa chini. Data haikuwa tatizo. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

Huo mduara uko kila mahali. Mimi nilikuwa na DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva). Mashine pepe ziko kwenye diski za mtandao. Seva ya mashine pepe inaunganisha diski hizo kwa jina, siyo kwa namba. Jina linaulizwa kwa DNS. DNS iko ndani ya diski. Tulikaa pale kama tumefungia ufunguo ndani ya nyumba. Siku hiyo niliandika anwani kwenye faili la hosts na kwenye karatasi. Karatasi, ndiyo. Nyaraka za kufufua mfumo zilikuwa ndani ya mfumo uliokufa.

#49 Kijana_wa_Logi
+1 kwa karatasi. Mpangilio wangu: swichi kwanza, hifadhi, DNS na saa, hifadhidata, programu mwisho. Na napishana muda wa kuwasha, siyo zote kwa mpigo, maana vifaa vya umeme vya seva vikiwaka pamoja vinavuta mkondo mkubwa na fyuzi inaruka. Hapo unazima tena umeme uliokuwa umerudi.

#50 Volti12
Kama British Airways 2017, jenereta iligoma kuwaka.

#51 Mwalimu_Ohm
Siyo. Ile ya Mei 27, 2017, mkuu wa kampuni mama, Willie Walsh, alieleza kwamba umeme ulikatwa kisha ukarudishwa bila utaratibu, na kurudi huko ndiko kulikoharibu vifaa. Abiria 75,000 wakakwama. Ndiyo maana mimi huweka dakika kadhaa kabla ya kuwasha baada ya umeme kurudi. Mara nyingi unarudi, unakatika, unarudi tena. Na betri tupu haiwezi kukubeba kwenye mkatiko wa pili, kwa hiyo iambie UPS isirudishe soketi mpaka betri ifike kiwango fulani.

#52 fundi_kimya
KeboFupi, umeme ulikuwa umekatika mapema siku hiyo? Kama ulikatika jioni, betri haikuwa imejaa. Kuijaza upya huchukua saa kadhaa.

#53 KeboFupi
Kuna kuzimazima kama saa mbili usiku, sekunde chache chache. Sikuhesabu.

#54 fundi_kimya
Basi ongeza na hiyo kwenye orodha ya washukiwa.

#55 Sina_Jenereta
Kwa nini msinunue jenereta yaishe?

#56 Volti12
Jina lako na swali lako, mkuu 😂

#57 Mzee_wa_Reki
Jenereta haiondoi UPS. Inahitaji sekunde kumi na zaidi kuwaka na kutulia, seva haisubiri. Kifaa cha umeme cha kompyuta kinavumilia milisekunde 16 hivi bila umeme. Ndiyo maana UPS inayoruka kwa milisekunde 4 hadi 10 inatosha kwa wengi.

Na jenereta ndogo masafa ya umeme wake yanayumba. UPS aina ya KeboFupi inaona mawimbi mabaya, inakataa kuyapokea, inabaki kwenye betri mpaka inakufa huku jenereta inanguruma nje. Inabidi upunguze ukali wa UPS, upate jenereta kubwa kuliko mzigo, au UPS inayogeuza umeme muda wote. Tena iwashe kwa mzigo kamili, siyo kuingurumisha bure dakika tano. Dizeli ikifanya kazi bila mzigo inajaza masizi na mafuta mabichi kwenye ekzosi. Na ikigoma, kabla ya yote angalia betri ya kuwashia.

#58 Mwalimu_Ohm
Na mafuta yako wapi. Kimbunga Sandy, Oktoba 2012, jengo moja la Manhattan jenereta ilikuwa juu salama, ila pampu ya mafuta ilikuwa chini, ikafunikwa na maji. Watu wakabeba dizeli kwa ndoo ghorofa 17 kwa ngazi ili seva zisizime.

#59 NusuUsiku
Afadhali plagi yangu.

#60 Volti12
Mimi ningehamia betri za lithiamu tu. Hazina habari ya miaka mitatu.

#61 Mlinzi_wa_Diski
Zinadumu zaidi, kweli. Ila usiziweke kitandani na seva. Oktoba 15, 2022 moto ulianzia chumba cha betri kwenye kituo cha data cha Pangyo, Korea Kusini, KakaoTalk (programu ya ujumbe) ikapotea hewani. Septemba 26, 2025 tena Korea Kusini, Daejeon, betri za lithiamu za UPS zilikuwa zinahamishwa, zikawaka, mifumo 709 ya serikali ikasimama.

#62 Volti12
Lithiamu si moja. Za fosfeti ya chuma zinavumilia joto kuliko hizo nyingine.

#63 Mlinzi_wa_Diski
Zinavumilia zaidi, sikusema hazivumilii. Nilisema chumba tofauti.

#64 MgeniHapa
Samahani kwa kuingilia. Je, seva yenye vifaa viwili vya umeme, nichomeke vyote kwenye UPS moja?

#65 Mzee_wa_Reki
Kila kimoja kwenye UPS yake. Na kila UPS isizidi nusu ya uwezo, maana siku moja ikifa nyingine inabeba mzigo wote. Watu huweka kila upande asilimia 70 wanajiona wana akiba. Upande mmoja ukianguka, wa pili unatakiwa kubeba 140.

#66 KeboFupi
Wakuu nimerudi. Nimefungua mfuniko. Mzee, betri moja imevimba ubavuni, kidogo.

#67 Mzee_wa_Reki
Sitasema kitu.

#68 binti_terminali
Kidogo! Betri iliyovimba kidogo ikiongezewa kazi ya nakala saa nane... mnaona jinsi inavyokaa?

#69 Kijana_wa_Logi
Naona inakaa pia na 8:01:09. Hatujatoka pale pale. KeboFupi fanya hivi: usiguse kitu. Ondoa kipima muda peke yake, zima hifadhidata mapema kwa usalama, weka mizigo ya taa badala yake, vuta plagi, hesabu dakika. Ikifa dakika ya sita ni betri. Ikifika kumi na tano ni kipima muda. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

#70 binti_terminali
Na kazi ya nakala uiwashe mzunguko mmoja, mwingine uizime, tuone tofauti.

#71 KeboFupi
Eh.

Jana jioni nilibadilisha betri zote mbili za UPS, nikaweka CR2032 mpya, nikahamisha swichi ndogo kwenye UPS, nikafuta kipima muda, nikasogeza kazi ya nakala saa kumi. Nikalihamisha na lile jedwali.

#72 Kijana_wa_Logi
Vyote? Siku moja?

#73 KeboFupi
Nilikuwa na hasira.

#74 Mwalimu_Ohm
Basi hatutajua kamwe.

#75 Kijana_wa_Logi
Betri za zamani umezitupa?

#76 KeboFupi
Zimechukuliwa asubuhi na watu wa kuchakata.

#77 binti_terminali
Ni mzigo wa nakala. Naandika hapa ibaki kwenye kumbukumbu.

#78 Kijana_wa_Logi
Kipima muda.

#79 Mzee_wa_Reki
Imevimba. Amesema mwenyewe.

#80 KeboFupi
Jumamosi usiku navuta plagi nikiwa macho, nimesimama mbele ya reki. Nitaleta majibu.

#81 NusuUsiku
Karibu chamani. Beba tochi.

#82 MgeniHapa
Asanteni kwa #65. Jamani na UPS yangu inalia kila sekunde thelathini ingawa umeme upo. Hiyo ni kawaida?

#83 Sina_Jenereta
Betri ina miaka mingapi?